Ulikuwa Wapi Siku ya Mazishi?

Kwa aliyekosa gazeti la wiki jana, namweleza kwa ufupi asibaki nyuma.

Nimeandika mchezo wa kuigiza kuhusu mtu ambaye hakumzika baba yake. Mtu huyo ni kaka yangu wa tumbo moja, ingawa kwenye mchezo nimempa kazi nyingine na sura nyingine. Dada anayemngoja nyumbani na maswali yake ni mimi. Yule binti niliyemfundisha nafasi ya dada, akaiweza hadi nikawa namwonea wivu, mchumba wake alikuja mazoezini, akamshika mkono, akasema mke wake mtarajiwa hatalia mbele za watu. Wakaondoka. Nikabaki na gauni lake la jukwaani mkononi.

Basi nikalivaa mimi. Lilinibana kwapani, lakini likapita.

Nilidhani mkosi umemaliza kazi yake. Kumbe ulikuwa umekaa pembeni unavuta pumzi.

Jumatatu asubuhi Meneja wa ukumbi aliniita ofisini kwake. Alikuwa anakunywa chai, na hakunikaribisha kiti. Mtu akikuita halafu asikukaribishe kiti, ujue anachotaka kukuambia ni kifupi na hakikufurahishi.

"Mwalimu," alisema, "mchezo wako mzuri. Lakini nani atakuja?"

"Watu."

"Watu gani? Watu hawatoki nyumbani kuja kuona huzuni. Huzuni wanayo nyumbani. Nimekutafutia mtu wa kuicheza nafasi ya kaka."

"Ninaye mtu wa nafasi hiyo. Tumefanya naye mazoezi tangu mwanzo."

"Nimeshamwambia apumzike."

Mtu yule alikuwa mpole, msikivu, mwenye sauti ya chini ambayo watu huinama kuisikiliza. Meneja alikuwa amempigia simu Jumapili na kumwachisha bila kuniuliza, kama mtu anayehamisha meza.

"Na huyo uliyenitafutia ni nani?"

Kabla Meneja hajajibu, mlango ulifunguliwa na sauti ikaingia kabla ya mwenyewe. "Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo, na wa katikati mjijue wenyewe!"

Alikuwa Redio.

Mjini kwetu hakuna asiyemjua Redio. Ndiye anayeongoza harusi, ndiye anayetangaza sabuni, ndiye anayewachekesha watu kwenye mikutano mpaka mgeni rasmi afike. Jina lake halisi hata mkewe sidhani kama analikumbuka. Wanasema hata akipiga chafya, huitangaza kwanza.

"Mwalimu," aliniambia akinipa mikono yote miwili, "nipe maneno yangu. Kesho nitakuwa nayo kichwani."

Na kweli, kesho yake alikuwa nayo yote kichwani. Tatizo ni kwamba aliongeza na yake.

Nieleze kidogo onyesho lenyewe, maana ndilo lililonitoa roho wiki nzima. Ni onyesho la pili. Mazishi yamekwisha jana. Dada yuko peke yake uani, anapanga viti vya kuazima, kimoja juu ya kingine, ili virudishwe kwa wenyewe. Kaka anaingia na kusimama mlangoni. Dada anajua ameingia, lakini hageuki. Anaendelea kupanga viti. Kaka naye hasemi neno. Mpaka kiti cha mwisho kikae juu ya wenzake, hakuna anayefungua mdomo. Ndipo dada anageuka na kuuliza, "Ulikuwa wapi?"

Nguvu ya onyesho hilo zima iko kwenye ule ukimya. Ukiuvunja, umebaki na watu wawili na viti.

Tukaanza. Nikainama, nikapanga kiti cha kwanza. Redio akaingia. Nikapanga cha pili. Nikasikia anahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu ule. Nikakishika cha tatu.

"Jamani!" Redio akapaza sauti. "Viti vyote hivi, kwani kulikuwa na harusi?"

Wenzangu wote wakaangua kicheko. Fundi Taa, mzee anayetuwashia taa na kutuvutia pazia, alicheka mpaka akashika nguzo.

"Hilo halimo," nilisema.

"Lakini wamecheka."

"Sitaki wacheke."

"Mwalimu, mtu akinyamaza jukwaani watu watadhani amesahau maneno."

"Waache wadhani. Wakidhani kidogo, wataacha kudhani na kuanza kuogopa. Hapo ndipo ninapowataka."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa akae bila kupumua. Tukarudia. Safari hii hakusema kitu, lakini alikohoa. Tukarudia. Akaanza kupiga mluzi. Nikamwomba asipige mluzi. Akasema hakujua kama anapiga mluzi, na nilimwamini. Tukarudia tena, akanyamaza kweli, lakini uso wake ulikuwa unazungumza: nyusi juu, nyusi chini, macho kwa watu. Ilikuwa ni sawa na kutwanga maji.

Nikakaa juu ya kiti kimojawapo, nimechoka mwili na nimechoka moyo.

Redio akaja akachuchumaa mbele yangu. Kwa mara ya kwanza aliongea kwa sauti ya mtu wa kawaida.

"Mwalimu, nikuulize kitu? Mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa mbali. Si ndivyo unavyojibu? 'Nilikuwa mbali.'"

"Mbali wapi?"

"Mbali tu."

"Mtu hawezi kuwa mbali tu. Nikijua nilikuwa wapi, nitajua ninyamaze vipi. Ukimya wa mtu aliyekuwa amelewa si ukimya wa mtu aliyetoka jela. Wewe umeniambia ninyamaze, hujaniambia ninanyamazia nini."

Mtu niliyekuwa namwona kichwa maji alikuwa ameweka kidole palepale penye kidonda.

Kwa sababu sikujua.

Baba alipofariki, kaka alikuwa anaishi mji huuhuu. Habari alipewa. Mazishi yalicheleweshwa kidogo, watu wakichungulia barabarani, halafu mama akatoka akasema, "Tusisubiri, hatakuja." Tukazika. Kaka alifika siku ya pili yake, akasimama mlangoni, mama akaingia chumbani asitoke. Nilimuuliza kaka alikuwa wapi. Akanitazama, akageuka, akaenda zake. Tangu siku hiyo hakanyagi kwetu na mimi sikanyagi kwake. Jibu nililonyimwa nikaliandikia mchezo.

Basi siku hiyo nikaanza kumtafutia Redio sababu. Alikuwa safarini. Redio alijaribu, onyesho likafa. Alikuwa amelazwa. Likafa. Alikuwa na ugomvi na baba wa tangu zamani. Likatikisika kidogo, halafu likafa. Aliogopa kuona maiti. Hiyo ndiyo niliyoiandika mwenyewe mchezoni, na ndiyo iliyokufa kuliko zote. Kila sababu niliyomvalisha ilimpwaya.

Jioni ile nilipita kwa mama.

Nilimkuta kwenye cherehani yake, anapinda upindo wa sketi ya shule ya mtoto wa jirani. Mama amewashonea watu wa mtaa ule tangu sijazaliwa.

"Mama, kaka alikuwa wapi siku ile?"

Gurudumu la cherehani likasimama. Halafu likaendelea.

"Kwenye mchezo wako umeandika alikuwa wapi?"

"Mbali."

"Basi mbali inatosha."

"Haitoshi, mama. Anayeicheza nafasi ile ameshindwa. Anataka kujua."

"Mwambie kazi yake ni kucheza, si kuchimba." Akang'ata uzi kwa meno. "Na wewe, mwanangu, usipende kufukua. Hujui utakachokutana nacho."

"Utakuja Jumamosi kuuona?"

"Sina nguo."

Fundi nguo wa mtaa mzima hana nguo! Nikaaga. Sikuwa na nguvu ya kubishana.

Ikabaki njia moja tu, na njia hiyo nilikuwa nimeikimbia miaka yote.

Kaka ana karakana ya kutengeneza mafriji nyuma ya kituo cha mafuta. Nilifika pale mchana, nikakuta miguu yake tu inaonekana, kichwa na mabega yamezama ndani ya friji kubwa la dukani.

"Karibu," alisema kutoka mle ndani. "Lina tatizo gani? Haligandishi au linavuja?"

"Sina friji, kaka."

Kichwa kilitoka taratibu. Alikuwa amepata mvi. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba kaka yangu amepata mvi.

"Kitinda," alisema.

Ndilo jina aliloniita tangu utoto, kwa kuwa mimi ni kitindamimba. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Kwa jina hilo sikuwa nimejiandaa.

"Nimesikia umenipandisha jukwaani," alisema.

"Si wewe."

"Huyo mtu anaitwa nani kwenye mchezo?"

"Hana jina. Anaitwa Kaka."

"Basi ni mimi."

Nikavuta ndoo, nikaigeuza, nikaikalia. "Niambie ulikuwa wapi."

"Unauliza kama dada au kama mwandishi?"

"Vyote viwili."

"Dada alikuwa na miaka yote hii ya kuuliza. Mwandishi naye ameandika kwanza, anauliza baadaye. Leo mmekuja wote wawili kwa mguu mmoja." Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika. "Mama anasemaje?"

"Anasema mbali inatosha."

Alichukua kitambaa akaanza kufuta mikono yake, kidole kimoja kimoja, mikono ambayo haikuwa na uchafu wowote wa kufuta.

"Basi nilikuwa mbali," alisema.

"Kaka!"

"Funga mlango ukitoka. Vumbi linaingia kwenye mashine za watu."

Akarudisha kichwa ndani ya friji.

Nilitembea hadi ukumbini bila kuona njia. Nilikuwa nimemkasirikia yeye, nimemkasirikia mama, na zaidi ya wote nilikuwa nimejikasirikia mimi, mtu mzima anayewafundisha wenzake jinsi ya kufungua moyo mbele ya watu, na nyumbani kwao milango yote imefungwa.

Jioni ileile tulipoanza mazoezi, niliona mtu amekaa safu ya nyuma kabisa. Alikuwa kaka, na nguo zake za kazi.

Meneja alimwona pia, akamfuata. "Wewe nani?"

"Fundi wa friji."

"Friji gani?"

"La kantini yenu. Halina afya."

Meneja akakuna kichwa, akaondoka. Hapakuwa na mtu aliyelalamikia friji la kantini, lakini nani anabishana na fundi?

Nilitamani kumfukuza. Nilitamani pia abaki. Nikafanya nilichozoea kufanya nikishindwa kuamua, nikamkaripia Redio. Tukapanga viti. Redio akaingia kwa madaha, akasimama, akahesabu kimoyomoyo huku midomo inacheza, halafu akashindwa kabisa kujizuia. Akajipangusa paji la uso na kusema, "Ah, joto la leo!"

Kutoka safu ya nyuma kikasikika kicheko. Kaka alikuwa anacheka. Anacheka mambo yake mwenyewe, aibu yake mwenyewe!

Nilipiga kelele mazoezi yaishe.

Kesho yake alikuja tena, akakaa palepale. Hakucheka tena. Na siku iliyofuata alikuja. Hatukusalimiana. Alikuwa anaingia tukianza na kutoka tukimaliza, kama mtu anayehudhuria darasa. Redio alimwonea huruma, akamgawia karanga.

Jumamosi ikafika. Mchezo ulikuwa uanze saa kumi alasiri. Muda mfupi kabla, nikiwa nyuma ya jukwaa, nimeshavaa lile gauni langu la kunibana, simu iliita.

"Mwalimu!" Nyuma ya sauti ya Redio nilisikia ngoma na vigelegele. "Usikasirike."

"Uko wapi?"

"Nimepata harusi ya mkubwa mmoja. Mtu kama huyo humkatalii, mwalimu. Ukimkatalia leo, kesho hakuna anayekuita."

"Watu wanaingia ukumbini sasa hivi! Wamekuja kukuona wewe!"

"Weka mtu yeyote pale mlangoni, mwambie anyamaze. Si ndivyo unavyotaka?"

Akakata. Nilibaki nimeshika simu sikioni. Wiki nzima nilikuwa namwomba mtu yule anyamaze, na siku aliyonyamaza ikawa hii.

Nilimpigia yule mchezaji wangu wa kwanza, yule mpole. Alipokea, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Bado napumzika, mwalimu," akakata kwa upole uleule.

Meneja akaja mbio, tai imepinda. "Ukumbi umejaa. Redio yuko wapi?"

"Redio ameharibika."

"Usinifanyie mzaha! Wamekuja kwa ajili yake."

"Wewe ndiye uliyemleta. Mimi nilikuwa na mtu wangu, wewe ukampumzisha. Sasa mwite huyo wa kwako."

"Sikiliza. Asipopanda mtu hapo jukwaani, naweka muziki watu wacheze, na mchezo wako hautakanyaga tena ukumbi huu. Wala wewe."

Akaondoka. Wenzangu wakanitazama. Kuna ambao walikuwa wameacha kazi zao za Jumamosi ili waje. Kuna mama mmoja aliyekuwa na sentensi mbili tu katika mchezo mzima, na alikuwa amesuka nywele kwa ajili ya sentensi hizo. Nilifungua mdomo niwaambie warudi nyumbani.

"Maneno yake ninayajua."

Kaka alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma, ule wa kuingizia mbao.

"Kaka, huu si mchezo."

"Ulisema ni mchezo."

"Hujawahi kupanda jukwaani."

"Sijawahi. Lakini siku zote hizi nimekaa pale nyuma nikimwangalia yule bwana akiingia mlangoni vibaya. Kama ni kuaibishwa, Kitinda, niaibishwe vizuri."

Sikujua kama nicheke au nilie. Nikamshika mkono, nikamvuta pembeni.

"Utasema nilichoandika? Neno kwa neno?"

"Neno kwa neno. Sikuja kukuharibia."

"Hata ile ya kwamba uliogopa?"

"Hata hiyo."

Akaanza kufunga vifungo vya shati la jukwaani. Mimi nikaenda kwenye pazia, nikaweka jicho kwenye upenyo kuangalia watu. Safu ya mbele, katikati, alikuwa amekaa mama. Amevaa gauni jipya la buluu ambalo sijawahi kuliona. Alikuwa amelishona wiki hiyo, naye akaniambia hana nguo.

Nikarudi kwa kaka.

"Mama yupo."

Vidole vyake vikasimama kwenye kifungo. "Safu gani?"

"Ya mbele."

"Anajua ni mimi?"

"Hajui. Hata mimi sikujua kama atakuja."

Akamalizia kifungo kile. "Fungua pazia kabla sijafikiri," alisema.

Onyesho la kwanza lilikwenda vizuri kwa sababu Kaka hayumo. Watu walikuwa wanapiga kelele za "Redio! Redio!" kila mlango wa jukwaani ulipofunguka. Likaja la pili. Nikawa peke yangu na viti.

Nikapanga cha kwanza. Nikasikia hatua zake, zikasimama mlangoni.

Watu wakaguna. Mwingine akapiga mluzi. "Huyu siye!" mmoja akasema. "Redio yuko wapi?" Nikapanga cha pili. Kaka hakutikisika. "Amesahau maneno!" sauti ikatoka kule nyuma, watu wakacheka. Nikapanga cha tatu, cha nne. Kicheko kikapungua. Kikakatika. Nikasikia mtu anamnyamazisha mwenzake. Halafu sikusikia chochote isipokuwa viti vyangu, mbao kwa mbao, na ukumbi mzima ukawa umeshika pumzi.

Ukimya huo niliuota miaka yote ya kuandika kwangu. Mtu anayeweza kunyamaza hivyo anajua anachonyamazia. Hilo lilinipitia akilini, likaniacha baridi.

Kiti cha mwisho kikakaa. Nikageuka.

Hakuwa na uso wa mchezaji. Alikuwa na uso ule wa siku ile.

"Ulikuwa wapi?" nikauliza.

"Nilikuwa mbali."

"Mbali gani huko ambako habari hazifiki?"

"Habari zilifika. Miguu ndiyo haikufika." Neno kwa neno, kama alivyoahidi.

"Ulimwogopa marehemu, au ulituogopa sisi tulio hai?"

Alipiga magoti, kama ilivyoandikwa. Akainamisha kichwa. Sauti yake ikakwaruza.

"Niliogopa, dada. Niliogopa tu. Mimi ni mwoga."

Kiti kikalia kule chini, kiti cha mtu anayesimama ghafla.

"Hakuogopa!"

Nilijua sauti ile kabla sijamtazama mwenyewe. Mama alikuwa amesimama, mkoba wake umeanguka miguuni.

"Hakuogopa, wala hakuwa mbali. Mwandishi ameandika uongo!"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Walidhani ni sehemu ya mchezo. Walidhani nimemficha mchezaji katikati yao kwa makusudi, na walifurahi, jamani, walifurahi kweli. Mlangoni nilimwona Meneja anapiga makofi kuliko wote.

"Mama," kaka alisema kwa sauti ya chini, bado yuko magotini. "Mama, kaa."

"Sikai! Nimekaa vya kutosha." Mama alikuwa ananitazama mimi. "Alikuja, mwanangu. Alikuja alfajiri, kabla watu hawajaamka, na shati jeupe nililomshonea mwenyewe. Nilimkuta getini. Mimi ndiye niliyemrudisha. Nilimwambia akivuka pale, asiniite mama tena. Halafu nyie mkimsubiri, nikatoka nikawaambia tusisubiri, hatakuja. Leo nimemsikia akijiita mwoga mbele ya watu kwa ajili yangu. Siwezi."

Makofi yalipungua. Kuna watu ambao walikuwa wameanza kuelewa, na kuna ambao walikuwa wanawauliza waliokaa karibu nao.

Nguzo ya viti nilivyovipanga ilikuwa mgongoni mwangu, nikaiegemea. Miaka yote ile nilikuwa namchukia mtu kwa kutokuja, na alikuwa amekuja kabla yetu sote.

"Kwa nini?" nikauliza.

Swali hilo halikuwemo kwenye mchezo. Sijui nilikuwa namuuliza nani kati yao.

Kaka akainuka haraka, akaja karibu yangu hadi nikasikia harufu ya grisi kwenye mikono yake. "Kitinda, mwambie Fundi afunge pazia. Sasa hivi."

"Kwa nini alikurudisha?"

"Jambo hili nimelibeba peke yangu miaka yote ili wewe usilibebe. Linakuhusu wewe kuliko linavyonihusu mimi. Funga pazia!"

"Usifunge!" Mama alikuwa ameshaiacha safu ya mbele, ameshika ukingo wa jukwaa, anatafuta ngazi kwa mguu. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Nimeshona nguo za watu maisha yangu yote. Midomo ya wanangu sitaishona tena. Atajua leo, na atajua kwangu."

Hapakuwa na aliyekuwa akipiga makofi tena. Mwanamume mmoja wa safu ya mbele alisimama, akampa mama mkono kumsaidia kupanda.

Nikageuka upande wa pazia. Fundi Taa alikuwa ameikamata kamba kwa mikono yote miwili, uso umemtoka jasho, macho yanakwenda kwa kaka, yanakwenda kwa mama, halafu yakatua kwangu.

"Mwalimu," alininong'oneza, "mchezo ni wako. Nivute, nisivute?"